Moja Kumi na Saba

Isongole, 12 Machi 2023

Ndugu yangu Edson,

Bahasha yako nilikabidhiwa Alhamisi na Nathanaeli. Imelowa pembeni kwa mvua, lakini kurasa zote zinasomeka. Safari hii Nathanaeli hakuondoka mara moja. Alizima gari, akanisogelea kwenye sikio langu lililobakiza uhai kidogo, akaniuliza ni kitu gani hiki walimu wawili wastaafu wanatumiana kila mwezi kati ya Tunduma na Isongole, maana abiria wake wameanza kusema ni dawa. Nikamkalisha kwenye benchi nikamweleza.

Nilimwambia kwamba mwaka 1983, chuoni, mkufunzi wetu aliandika ubaoni tarakimu ya moja mara kumi na saba, 11,111,111,111,111,111, akauliza kama ipo namba inayoingia humo bila kubakiza kitu, ukiacha moja na hiyo yenyewe. Kengele ikalia, na kabla ya kipindi kilichofuata akahamishwa. Wewe na mimi tukaahidiana kwamba tukistaafu tutalitafuta jibu kwa kalamu na karatasi, bila mashine na bila kumuuliza mtu. Nikamwambia pia kwamba hatupapasi tu. Namba tasa yoyote itakayoigawa hii yetu, yenyewe ukiigawa kwa 34 lazima ibakize 1. Nyingine zote tunaziruka. Hisa ya huko kwenye 34, yaani jibu la kuigawa kwa 34, ikiwa witiri, ni fungu lako. Ikiwa shufwa, ni langu. Kila mmoja anagawa, anaandika baki, anamtumia mwenzake. Siku baki litakapokuwa sifuri, kazi imekwisha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama serikali inajua.

Sasa nije kwako. Mwezi wa kwanza ulituma mabaki mia moja na arobaini, safari hii mia tatu na kumi. Mimi nimefika milioni moja na laki nane na sitini elfu, nawe uko mbele yangu mbali. Zamani nilikuwa nakushinda kwa mwendo, au umesahau? Naona aibu. Nimeanza kuamka mapema, nagawa mpaka chai inapoa, na jioni nakaa tena hadi mwanga unapoisha dirishani.

Kuna jambo moja linanirudisha nyuma. Dada yangu Ketrina, yule aliyeolewa Chitipa ng'ambo ya mpaka, anaumwa. Ni uvimbe tumboni. Mwanawe Jastin amenitumia ujumbe kwamba mama anapenda nivuke nikamwone. Si mbali, ni daraja la Songwe tu na kipande cha barabara. Lakini huko nitakaa si chini ya wiki mbili, na wiki mbili ni mabaki sitini na kitu. Nimemjibu kwamba nitakwenda nikishakukaribia.

Msalimie binti yako Brenda.

Wako,
Anyelwisye Kibona


Tunduma, 2 Aprili 2023

Mwalimu mwenzangu Anyelwisye,

Nimefurahi kusikia kwamba unaona aibu. Huo ndio mwanzo wa bidii, tuliwaambia watoto hivyo miaka thelathini na sita.

Hapa kwetu foleni ya malori imefika Chapwa, madereva wanapika kando ya barabara, na Brenda anarudi kutoka ofisini kwao amechoka kwa kubishana na makaratasi ya forodha. Mimi niko mezani kwangu. Nimevuka milioni mbili, ndugu yangu, nimefika milioni mbili na elfu sabini na kitu, na bado nasonga. Nimeambatisha kurasa kumi. Usizihangaikie sana, nimezipitia mwenyewe mara mbili. Wewe shika fungu lako.

Kuhusu dada yako, nakushauri kama ninavyomshauri mdogo wangu. Uvimbe ni ugonjwa wa polepole. Mtu hafi katika mwezi mmoja. Ukisimama sasa, mkono utapoa na itakuchukua nusu mwaka kurudia mwendo. Fika milioni mbili kwanza, uvuke ukiwa na moyo mweupe. Ketrina mwenyewe atakuelewa, amelelewa nyumba moja na wewe.

Malori yamejaa mpaka Chapwa siku hizi, sijui kama nilikwambia.

Ndimi,
Edson Simbeye


Isongole, 9 Mei 2023

Ndugu Edson,

Ketrina amezikwa Jumamosi.

Ijumaa jioni mfanyabiashara mmoja anayeleta mchele kutoka ng'ambo alinifikishia maneno kwamba mgonjwa amebadilika. Nilikuwa nimebakiza kugawa kumi na moja tu kufikia milioni mbili. Nilijiambia nizimalize, nivuke alfajiri. Nilizimaliza. Nilipofika darajani asubuhi nikamkuta Jastin anakuja upande wetu kwa miguu, amevaa koti la marehemu baba yake. Alinishika mkono, akasogeza mdomo sikioni kwangu, akasema, "Mjomba, umechelewa."

Tulikwenda pamoja. Nikamkuta dada amefungwa sanda tayari, uso wake mdogo kama wa mtoto. Waimbaji waliimba, mimi niliona midomo tu.

Nimerudi jana. Daftari liko pale pale nilipoliacha, limefunguliwa kwenye ile ya kumi na moja. Sina la kulilaumu. Leo nimegawa nne. Naendelea, kwa sababu nikikaa bila kugawa namsikia Jastin, na huyo ndiye mtu pekee ninayemsikia vizuri siku hizi.

Anyelwisye


Tunduma, 28 Mei 2023

Mwalimu mwenzangu,

Pole sana, pole kabisa. Msiba wa mama hauzoeleki hata mtu awe na mvi. Namkumbuka mama yako alivyotupikia kande tulipokuja likizo kwenu. Mungu amlaze pema.

Naambatisha mabaki mia tatu na ishirini. Kazi ni faraja.

Edson


Isongole, 18 Agosti 2024

Ndugu yangu Edson,

Mwaka jana ulimzika mama yangu mara ya pili, na sikukwambia kitu. Alifariki 1998, wewe mwenyewe ulibeba jeneza. Nilisema ni haraka ya kalamu.

Lakini sasa kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Juzi nilikaa kupanga kurasa zako zote kwa tarehe. Kwenye zile za Julai kuna kigawanyo cha milioni nne na laki mbili na ushei, na mbele yake umeandika baki la milioni nne na laki saba. Edson. Baki kubwa kuliko kigawanyo! Mtoto wa darasa la nne akileta hivyo tunamrudisha kiti chake, tunamwambia hajamaliza kugawa. Nilidhani ni kuteleza. Nikatazama ukurasa unaofuata, yako mengine mawili ya namna hiyo.

Sisemi kitu kibaya. Macho yetu si yale ya zamani, mimi nasoma kwa lenzi na mistari inakimbia. Naomba tu unitumie karatasi zako za kugawia, zile za chakavu unazofanyia kazi kabla ya kunakili. Nikiona ulipoteleza nitarekebisha mwenyewe, wala hutasumbuka.

Mimi nimevuka milioni tatu. Mchana wa jana niligawa tano, nimejifunika blanketi. Ukungu wa mwaka huu hauondoki mpaka saa tano.

Nijibu upesi.

Anyelwisye


Tunduma, 6 Oktoba 2024

Shikamoo Baba Mwalimu,

Mimi ni Brenda, binti wa Mwalimu Edson. Naomba unisamehe kwa kuwa barua yako ya Agosti nimeifungua mimi. Niliikuta chini ya godoro lake pamoja na nyingine tatu zako, zote hazijafunguliwa.

Baba anaumwa, na ameumwa kwa muda mrefu kuliko tulivyojua. Mwezi wa tisa alitoka hapa Chapwa kwenda kanisani Sogea, njia aliyopita miaka yote, akakutwa jioni kule Mpemba, upande mwingine kabisa, amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa ubongo kuchoka, wa kusahau, na kwamba hauponi. Daktari alimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akipunguza saba saba. Baba alisema tisini na tatu, kisha akatazama mikono yake. Baba yangu aliyenifundisha jedwali la kumi na saba nikiwa sijaanza shule.

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yake. Baba Mwalimu, nalijua sharti lenu la kutotumia mashine, nami nimelivunja. Ofisini kwetu tunafanya kazi ya uwakala wa forodha, kompyuta iko wazi mchana kutwa. Niliziandika zile moja kumi na saba kwenye tovuti inayotafuta vigawo. Sekunde moja haikuisha. Ilijibu kwamba namba yenu si tasa. Inagawanyika kwa 2,071,723.

Kigawanyo hicho ni cha fungu la baba. Kimo kwenye daftari lake, Machi 2023, kwa mwandiko wake, na mbele yake ameandika baki 518,204. Nilitafuta karatasi ya kazi. Hakuna. Kuanzia mwisho wa 2022 hakuna karatasi ya kazi hata moja, kuna mabaki tu.

Nilimwuliza. Hakukana. Alisema, "Niliyatunga." Kisha akaomba kalamu na akaniambia nitoke chumbani. Alichoandika nakiweka humu kama kilivyo. Ilimchukua siku mbili.

Mwanao,
Brenda


Tunduma, Oktoba

Anyelwisye,

Leo kichwa kimetulia, basi niandike kabla hakijaondoka.

Ilianza na kukopa kwenye kutoa. Nilikuwa katikati ya kugawa, nikasimama kufunga dirisha, niliporudi sikujua nimekopa ngapi. Nikaanza upya. Mara ya pili nikapotea pale pale. Nikasema ni malaria. Baada ya mwezi nikawa siwezi kumaliza hata moja. Naona tarakimu, nazijua kwa majina kama watu wa ukoo, lakini haziniambii zifanyweje. Nilikaa mezani asubuhi mpaka adhuhuri mbele ya karatasi moja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sina kazi nyingine niliyowahi kuwa nayo, wala jina lingine. Ningekwambia nini?

Kwa hiyo nikaandika baki la uongo. Moja tu, nikijiambia kesho nitalirudia. Halikuumiza. Na uongo hauna kukopa, Anyelwisye, unaandikwa haraka. Ndiyo maana nilikuwa na mabaki mia tatu kwa mwezi. Wewe ukasema unaona aibu, nami nilifurahi kidogo. Naomba uniamini nikisema nilifurahi, kwa sababu natamani barua hii isiwe na uongo wowote.

Liko jambo baya zaidi. Uliponiandikia kuhusu dada yako nilikwambia usiende. Sikusema hivyo kwa ajili ya mwendo wa mkono. Nilijua ukipumzika wiki mbili utarudi na macho mapya, na mtu mwenye macho mapya huanza kupitia kurasa za mwenzake. Niliogopa. Nikakushikilia kwenye kiti ili usinione.

Brenda ameniandikia ile namba kwenye karatasi kubwa, imebandikwa ukutani. Naitazama. Siwezi kuigawa ili nione kama ni kweli. Wewe unaweza.

Edson


Isongole, 3 Novemba 2024

Edson,

Nimegawa. Nimegawa mara mbili, na mara ya pili nilianza kwenye karatasi mpya ili nisije nikafuata makosa ya kwanza. Inaingia. 2,071,723 inaingia katika namba yetu mara 5,363,222,357, na chini kabisa hakuna kitu. Ilinichukua nusu saa.

Tangu nilipovuka kigawanyo hicho mpaka barua ya Brenda, nimegawa mara elfu mbili mia tatu na arobaini, na zote hazikuwa na kazi yoyote duniani. Ningeendelea. Ulijua kwamba ningeendelea. Kigawo cha pili ni mabilioni matano, ningekufa kabla ya kukaribia kivuli chake. Ungenizika na madaftari.

Hayo ningeyameza. Miaka yangu ni yangu, naweza kuimwaga.

Lakini nikueleze ambalo sikukuandikia kipindi kile. Siku ya tatu ya msiba Jastin alinieleza mambo ya mama yake kwa maandishi, nisije nikakosa neno. Aliandika kwamba kuanzia katikati ya Machi Ketrina aliomba kitanda kigeuzwe, aione njia inayotoka darajani. Kila mtu alipoingia alimwuliza kama Anyelwisye amevuka. Wakamwambia nina kazi. Akasema basi wasinisumbue, kazi ya kaka ni ya vichwa. Aliniona mtu mkubwa, Edson, mtu anayefanya jambo lisilowezwa na wengine. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mto nikikimbizana na mabaki uliyoyatunga.

Ungeniambia kwamba umeshindwa, ningekuja Tunduma. Ningegawa fungu lako na langu, nawe ungekaa tu pembeni. Hukunipa nafasi ya kuwa rafiki yako. Ulinipa ya kuwa mjinga.

Usiniandikie tena.

Anyelwisye Kibona


Tunduma, 26 Januari 2025

Shikamoo Baba Mwalimu,

Ulisema baba asikuandikie tena, nami nimejaribu kulitii hilo. Acha nikueleze ilivyokuwa, kisha utaamua.

Barua yako ya Novemba nilimpa mwenyewe. Niliona ni haki yake, na ni haki yako isomwe. Aliisoma taratibu, akairudia, akalia mpaka nikamshika mabega. Kesho yake akaniuliza kama Nathanaeli ameleta kitu kutoka Isongole. Nikamwonyesha. Akaisoma kama mtu anayeiona mara ya kwanza, akalia tena. Siku ya tatu hivyo hivyo. Ya nne sikumwonyesha. Ninayo kwenye droo ya ofisini.

Ungamo lake halikumbuki. Lakini wewe anakukumbuka. Kila Alhamisi anavaa shati, anakaa barazani kusubiri gari. Wiki hii aliandika kurasa hizi, tarehe akaweka ya Aprili, akanikabidhi, akasimama mpaka alipoona nimefunga bahasha. Sikuweza kuzitupa. Nakutumia, usome au usisome.

Brenda


Tunduma, 2 Aprili

Mwalimu mwenzangu Anyelwisye,

Muda mrefu sijakusikia, natumaini ni mvua tu na ubovu wa barabara. Naambatisha mabaki ya mwezi huu, si mengi, naona nimekuwa mzito. Kuna mahali nimekwama kidogo. Utayapitia, wewe una jicho.

Nimekuwa nikimfikiria dada yako Ketrina. Nadhani nilikushauri jambo fulani kuhusu safari yako ya kwake, na limenikaa kifuani wala sikumbuki nilisema nini. Kama nilisema usubiri, nilikosea. Nenda ukamwone. Namba haina miguu, utaikuta.

Ukienda, mpelekee salamu zangu na kilo mbili za sukari kwa jina langu, nitakurudishia.

Ndimi,
Edson Simbeye


Isongole, 16 Februari 2025

Mwanangu Brenda,

Marahaba. Bahasha yako ilikaa wiki moja juu ya kabati bila kufunguliwa. Nilipoifungua nilisoma barua ya baba yako nimesimama, kisha nikatoka nje nikazunguka shamba la mahindi, nikarudi.

Ile barua yangu ya Novemba ichome. Nilimwandikia mtu mmoja aisome mara moja. Anayeisoma kila asubuhi ni mtu mwingine, na huyo hakunikosea.

Usije ukafikiri nimemsamehe. Nimejaribu. Nilivuka mpaka Chitipa wiki iliyopita, nikakaa kwa Jastin siku tano, nikadhani nitarudi mwepesi. Sikurudi mwepesi. Mtu wa kusamehewa ameondoka, ameniacha na deni lake mkononi na hakuna wa kumpa. Sijui kitu kama hicho kinafanywaje. Mchungaji naye hajui, nilimwuliza.

Nimeyatazama mabaki yake mapya. Matatu ya mwisho si mabaki hata kidogo, ni tarehe. Moja ni siku uliyozaliwa.

Mama yako hayupo, wewe unashinda ofisini. Mwanaume aliyegawa namba maisha yake yote hawezi kukaa barazani mikono mitupu akisubiri gari. Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sikudhani nitaliomba. Iulize ile mashine yako. Kuna namba nyingine ya ukoo huo huo, yenye moja kumi na tisa. Uliza kama ipo yoyote inayoigawa. Nikipata namba isiyogawanyika, baba yako ataandika mabaki yoyote anayotaka mpaka mwisho wake, na hakuna baki lake litakaloficha jibu, kwa sababu hakuna la kufichwa. Hatamwangusha mtu tena.

Anyelwisye


Tunduma, 20 Februari 2025

Shikamoo Baba Mwalimu,

Nimeuliza, nikauliza tena kwenye tovuti nyingine kuhakikisha. Moja kumi na tisa haigawanyiki. Ni namba tasa.

Ile barua nimeichoma, kwenye jiko la mkaa, wakati baba amelala mchana.

Brenda


Isongole, 2 Machi 2025

Ndugu yangu Edson,

Barua yako nimeipata, na mabaki yote yamefika salama.

Ketrina amepumzika. Salamu zako nilizifikisha kaburini, na sukari nilimpa mwanawe kwa jina lako. Usinirudishie chochote.

Ile ya moja kumi na saba imekwisha, ndugu yangu. Inagawanyika kwa 2,071,723. Kigawanyo hicho kilikuwa kwenye fungu lako, na kimo kwenye daftari lako kwa mwandiko wako. Mkufunzi wetu angekuwa hai tungemwandikia.

Sasa kuna kazi nyingine. Chukua daftari jipya, uandike juu yake moja mara kumi na tisa: 1,111,111,111,111,111,111. Safari hii hisa ya 34 tunaiacha, ni ya 38. Cha kwanza cha kujaribu ni 191. Mafungu yote mawili ni yako, witiri na shufwa. Mimi macho yangu yamechoka na sitagawa tena.

Fanya chache. Ukikwama, acha nafasi wazi, uende kwenye inayofuata. Ukitaka kulala, lala. Hakuna aliye mbele yako.

Mpe Brenda akufungie bahasha, Nathanaeli atapita Alhamisi. Nitasoma kila mstari.

Anyelwisye